IST inachemsha kwenye foleni na nataka kuiuza: nitengeneze nini, niache nini?

"Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya 2004, ile ya cc 1490, namba D, odometa inasoma 187,000. Nataka kuiuza ndani ya miezi miwili nipate hela ya kumalizia nyumba. Shida ni hizi: nikiwa kwenye foleni ya Kimara inachemsha, nikipata barabara inapoa yenyewe. Fundi wa kwanza alitoa thamostati akasema huku kwetu kuna joto haihitajiki, tangu hapo inakunywa mafuta, taa ya cheki injini imewaka na kuchemsha hakujaisha. Naongeza maji ya kisima kila baada ya siku tatu nne, chini sioni yanapovujia. Asubuhi inamisi kidogo halafu inatulia. Mbele inagonga kwenye mashimo. Fundi wa pili kasema injini imekufa nitafute nyingine. Dalali anasema nipige rangi bampa, nizime hiyo taa, niuze hivyo hivyo. Nina laki nane tu. Nimsikilize nani?"

Marahaba mdogo wangu, na pole, maana mtu akiwa Kimara jioni na gari inachemsha macho yote yanahamia kwenye dashibodi, barabara anaisahau. Nimelisoma swali lako mara mbili. Ukiondoa habari za rangi na injini, kinachokunyima usingizi ni kwamba una laki nane, huna nyingine, na unaogopa mambo mawili: kuitumbukiza yote kwenye gari unayoiaga, au kuiuza mbovu halafu mnunuzi anarudi getini kwako wiki ijayo na ndugu zake. Hofu zote mbili zina msingi. Kwa nilivyosoma, gari yako inaweza kupona ndani ya hela hiyo, ila kuna kipimo kimoja lazima kifanyike kabla hujanunua spea yoyote, nitakieleza vizuri huko chini kwa sababu ndo kitaamua kila kitu.

Nianze na huyo wa injini. Injini haiambiwi imekufa kwa kufungua boneti na kusikiliza. Hiyo ya kwako ni 1NZ, ndo hiyo hiyo iko kwenye Probox, Raum, Runx ndogo, Premio na Allion za cc 1500, ni injini ngumu na ikipewa maji na oili inavyotakiwa kilomita 187,000 si umri wa kufa. Halafu fikiria hesabu: unaingia Ilala au Gerezani unanunua injini ya mtumba ambayo hujui ilikotoka imeendeshwaje, unalipa kushusha na kupandisha, na siku ya kuuza mnunuzi wa IST hakuongezei hela eti kwa sababu injini ni nyingine, sana sana ataanza kuuliza maswali. Kadi ya gari ina namba ya injini, ukibadili injini inabidi taarifa zirekebishwe TRA, usipofanya hivyo mnunuzi makini akikagua namba hazilingani biashara imekufa hapo hapo. Kwa gari unayoiuza, injini nyingine ni hela isiyorudi.

Dalali naye. Kuzima taa ya cheki injini kwa kuchomoa balbu au kubandika kitu nyuma ya dashibodi kulikuwa kunawapata watu zamani, siku hizi mnunuzi anakuja na fundi wake na kitu cha kwanza fundi anachofanya ni kuwasha swichi bila kupiga stata. Taa zote zinatakiwa ziwake, ikiwemo hiyo, halafu injini ikiwaka zizime. Ya cheki injini isipowaka kabisa kwenye swichi ameshajua umeficha, na kuanzia hapo kila utakachosema atakikata nusu. Na mtu akiuziwa gari kwa uongo sheria haiko upande wa muuzaji, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamruhusu aliyerubuniwa kwa udanganyifu kuukataa mkataba. Nalisema hili mapema kwa sababu nataka tutengeneze, tusifiche.

Sasa thamostati, hapa nitakaa kidogo maana hii imani ya kwamba nchi ya joto haihitaji thamostati imeua injini nyingi sana na mafundi wazuri tu wanairudia.

Thamostati ya 1NZ inafunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi. Wengi wanadhani kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta, kwa hiyo ukiitoa maji yatapita kwa uhuru na injini itapoa zaidi. Lakini kwenye injini hii thamostati imekaa upande maji yanakoingilia, karibu na wota pampu, na ina vali mbili. Injini ikiwa baridi, maji yanazunguka ndani kwa ndani kupitia njia ya mkato bila kwenda kwenye rejeta. Yakipata moto, vali kubwa inafungua njia ya rejeta na wakati huo huo vali ya pili inaifunga ile njia ya mkato, ni kama geti la njia mbili, ukifungua huku kule kunajifunga. Ukilitoa geti lote njia zote mbili zinabaki wazi, sasa sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta hata kidogo. Matokeo yake unapata mabaya yote kwa pamoja: ukiwa unatembea na upepo upo, injini inakuwa baridi kupita kiasi, ukiingia kwenye foleni joto likipanda mfumo hauna uwezo wa kuyapeleka maji yote kwenye rejeta. Ndo maana kuchemsha hakukuisha, na hakukuwa na sababu ya kuisha.

Na mafuta je? Kompyuta ya gari inasoma joto la maji kwa sensa. Sensa ikisema injini bado ya baridi, kompyuta inaongeza petroli kama inavyofanya asubuhi, na kwako inafanya hivyo njia nzima kutoka Mbezi mpaka mjini. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda na nyingine inashukia kwenye oili chini. Chomoa dipstiki ya oili uinuse, ukipata harufu ya petroli usishangae. Hiyo taa nayo inaweza kuwa inalalamikia jambo hilo hilo, kuna kodi (namba ya hitilafu inayohifadhiwa na kompyuta ya gari) inaitwa P0128 ambayo maana yake ni kwamba maji hayajafika joto linalotakiwa kwa muda uliotegemewa, lakini sitabashiri, itasomwa kwa mashine. Ila usinunue vile vidude vidogo vya bluetooth vya kuunganisha na simu, vingi havisomi vizuri Toyota zilizotengenezwa kwa soko la Japani miaka ile. Tafuta fundi umeme mwenye mashine inayosoma Toyota, akupe kodi kwa maandishi, na mwambie asifute kitu mpaka uzipige picha.

Kwa nini basi ilianza kuchemsha kabla thamostati haijatolewa? Umenipa jibu mwenyewe bila kujua: inachemsha kwenye foleni, inapoa ukipata barabara. Gari inayochemsha ikiwa imesimama na kupoa ikitembea kwa kawaida inalilia hewa, yaani feni haifanyi kazi yake au mapezi ya rejeta yameziba vumbi. Ingekuwa inachemsha mlimani au kwenye mwendo mkali ningeshuku zaidi rejeta imeziba kwa ndani au wota pampu. Jaribu leo: washa gari, washa AC, nenda mbele usikilize. Feni inatakiwa izunguke ndani ya muda mfupi, tena kwa nguvu. Isipozunguka, au inazunguka kivivu, umeshapata mshtakiwa wa kwanza. Mara nyingi ni rilei, fyuzi, soketi iliyoungua au mota ya feni yenyewe imechoka, na mota nzima ya mtumba ni hela ndogo ukilinganisha na hayo mambo ya injini.

Usikubali kuungiwa feni dairekti. Hiyo ya kuvuta waya kutoka kwenye swichi feni izunguke muda wote inaonekana kama suluhisho, lakini mota inaungua mapema, na fundi wa mnunuzi akiona ule waya na ile tepu nyeusi anajua moja kwa moja kwamba gari hii ilikuwa inachemsha.

Haya, twende kwenye kile kipimo, na hapa kuna jambo ambalo hutalifurahia. Umesema maji yanapungua na huoni yanapovujia, na umesema asubuhi inamisi kidogo halafu inatulia. Kila moja peke yake si kitu kikubwa. Zikikaa pamoja, fundi yeyote makini lazima awaze gasketi ya silinda hedi, yaani ile inayoziba kati ya bloki ya injini na hedi iliyo juu yake, kwa sababu injini hii hedi yake na bloki yake vyote ni alumini, ikichemka mara nyingi hedi inapinda kidogo, gasketi inaachia, na gari ikilala usiku na presha ya maji bado ipo yanapenya tone tone kwenye silinda moja. Asubuhi ile silinda haiwaki vizuri mpaka ikauke. Sisemi ndo ilivyo kwako. Plagi zilizochoka au koili (inayoipa plagi umeme) nayo inamisi asubuhi vile vile, na maji yanaweza kuwa yanatoka kwenye tundu dogo la wota pampu au kwenye mpira yakakaukia kwenye injini ya moto kabla hayajafika chini. Lakini lazima ujue ni lipi kabla hujatoa hata shilingi, kwa sababu ukinunua rejeta mpya na shokapu halafu kumbe ni gasketi, laki nane imeondoka na gari bado mbovu.

Kupima kwenyewe kuko hivi. Asubuhi gari ikiwa baridi kabisa, kabla haijawashwa, fundi atoe plagi zote nne azipange kwa mpangilio wa silinda. Tatu zikiwa na rangi ya kahawia au nyeusi kidogo na moja ni safi imeng'aa kama imeoshwa kwa mvuke, hiyo silinda inapata maji. Kisha azirudishe, afungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa bado baridi, ajaze maji mpaka mdomoni, awashe. Vipovu vichache mwanzoni ni hewa iliyobaki, hiyo kawaida, lakini vikiendelea kutoka mfululizo na vinaongezeka akikanyaga mafuta, hiyo ni hewa ya silinda inaingia kwenye maji. Gereji zilizojipanga zina kile kipimo cha dawa ya bluu kinachokaa kwenye mdomo wa rejeta, dawa ikigeuka njano gasketi imeachia, hakina ubishi. Aangalie pia chini ya kifuniko cha oili kama kuna uji mweupe, ingawa kwako uji kidogo unaweza kuwepo tu kwa sababu injini imekuwa ikitembea baridi muda wote huu, kwa hiyo usihukumu kwa huo peke yake. Mwisho apime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, ya silinda zote nne. Namba zikikaribiana, tofauti isizidi asilimia kumi hivi, shukuru Mungu na umwambie yule fundi wa pili akutakie heri.

Na tafadhali, kifuniko cha rejeta kisiguswe injini ikiwa ya moto. Kile kifuniko kinashikilia presha, maji ndani yanaweza kuwa zaidi ya nyuzi 100 bila kuchemka, ukifungua yanalipuka mvuke saa hiyo hiyo usoni kwako. Mpaka gari ipimwe, ikianza kuchemka barabarani egesha, zima, subiri ipoe kabisa, usisukume eti umebakiza kituo kimoja. Kuvutwa kwa kamba kunauma mfukoni lakini hedi iliyopinda inauma zaidi.

Tuseme gasketi ni nzima, na mimi natumaini hivyo. Basi laki nane naigawa hivi. Kubwa kuliko yote iende kwenye mfumo wa maji, kama laki tatu mpaka tatu na nusu: thamostati mpya, feni irudi kufanya kazi kwa mfumo wake wa kompyuta, kifuniko cha rejeta kipya, mipira ya juu na chini kama imevimba au ina nyufa, na kulanti, yaani maji maalumu ya kupoozea injini. Kifuniko watu wanakidharau kwa sababu ni kidogo, ila springi yake ikichoka presha haishiki, na bila presha maji hapa Dar yanachemka kwenye nyuzi 100 wakati kwa kifuniko kizima yanavumilia mpaka karibu 120. Nunua chenye namba ile ile iliyoandikwa kwenye cha zamani, usipandishe presha ukidhani ndo nguvu.

Rejeta yenyewe usikimbilie kununua. Kwanza ioshwe kwa nje, na kati yake na kondensa ya AC, kuna vumbi na wadudu na majani yamejikusanya hapo huwezi kuyaona ukiangalia kwa mbele. Kisha maji yamwagwe, mfumo uoshwe kwa maji safi mpaka yatoke meupe. Maji ya kisima umeyatumia muda gani? Visima vingi vya huku kwetu vina chumvi, na chumvi inaganda kwenye vijitundu vya rejeta na kula alumini. Baada ya kuosha, fundi apapase rejeta injini ikiwa imezima baada ya kupata moto, sehemu iliyo baridi katikati ya sehemu za moto imeziba, hapo ndo utanunua. Ile dawa ya kuziba uvujaji usimwage humo hata upewe bure, inaziba na pasipotakiwa. Ukijaza, mfumo mzima unachukua kama lita 5, tumia kulanti iliyochanganywa tayari au changanya na maji ya distilodi nusu kwa nusu, iwe imeandikwa inafaa injini za alumini, rangi isikubabaishe. Fundi atoe hewa vizuri, hita ikiwa imewashwa kwenye moto, mpaka feni iwake na kuzima yenyewe mara mbili tatu huku maji hayapungui. Usiondoke gereji kabla hujaiona hiyo kwa macho yako.

Kama tundu la chini ya wota pampu lina alama ya maji au rangi iliyokauka, pampu ibadilishwe, na usitishwe na bei ya kazi. Kwenye 1NZ pampu inazungushwa na mkanda wa nje, huingii kwenye taimingi. Nikiwa hapo hapo, mtu akikuambia ubadili mkanda wa taimingi kabla ya kuuza mkatalie, injini hii ina cheni, haina mkanda wa taimingi.

Kumisi kwa asubuhi ni kazi ya bei ndogo kama maji hayamo. Weka plagi mpya nne za kawaida zenye gepu la milimita 1.1, ambazo mwisho wa namba yake huwa ni 11. Za iridiamu ni nzuri lakini zinadumu muda mrefu ambao wewe hutakuwa na gari, achana nazo. Nunua kwenye duka ambalo litakupa risiti na kukubali kurudisha, plagi feki zimejaa mjini. Kama bado inamisi, IST yako ina koili nne, kila plagi na ya kwake, na kuna njia ya kuijua mbovu bila kununua kitu: mashine ikisema silinda ya 1 ndo inamisi, fundi anahamishia ile koili silinda ya 3, anafuta kodi, mnaendesha. Kodi ikihama kutoka P0301 kwenda P0303 koili ndo mbovu. Isipohama koili ni nzima na kuna kitu kingine, nozeli au waya. Kazi ya dakika chache, lakini mafundi wengi wanaruka hapo wanakuuzia koili zote nne.

Mwaga na oili, hii haina mjadala kwa sababu ya ile petroli iliyochanganyika. Inachukua lita 3.7 hivi pamoja na filta kwa hiyo dumu la lita 4 linakutosha, weka 5W-30. Atatokea mtu akushauri uweke oili nzito ili injini inyamaze na moshi usionekane siku ya kuuza. Usifanye. Hii injini ina VVT-i, mfumo wa kubadili muda wa vali kufunguka, inaendeshwa kwa presha ya oili inayopita kwenye vijinjia vyembamba na kijichujio kidogo, oili nzito inaisumbua hasa ikiwa baridi, na mnunuzi naye hastahili kuuziwa oili badala ya injini. Filta ya hewa kama ni chafu badilisha, ni hela ndogo. Plagi, oili na filta zote hesabu laki na nusu hivi.

Kugonga kwa mbele naweka laki moja na nusu mpaka mbili, na hapa siangalii bei ya kuuza tu, naangalia roho za watu. Usianze na shokapu. Sauti ya kugonga kwenye mashimo madogo madogo mara nyingi inatoka kwenye stabilaiza linki, ni za bei nafuu na zinafungwa haraka. Baada ya hapo bushi za wishboni na kikombe cha juu ya shokapu. Shokapu yenyewe ibadilishwe kama imevuja oili au gari inadunda dunda baada ya tuta, na zibadilishwe mbili kwa pamoja. Ila boljointi na tairodi, viungo vinavyoshikilia na kuongoza tairi za mbele, zikiwa na pleyi (zinacheza) ni lazima zibadilishwe hata kama itabidi uache kitu kingine, hiyo ikichomoka tairi linalala na wewe uko barabarani na watoto. Hata kama unauza kesho. Breki vivyo hivyo, pedi zikiwa nyembamba weka mpya. Baada ya kugusa mbele fanya alaimenti.

Tairi angalia umri, ubavuni kuna namba nne, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Zikiwa na nyufa utabadilisha mbili mbaya zaidi, lakini tairi za mtumba za kung'aa zenye miaka saba nane sikushauri, ukikosa hela ya mpya bora uziache ulizonazo na umwambie mnunuzi.

Gia boksi isiguswe bila sababu. Kama inaingia vizuri na haitelezi, chomoa dipstiki yake, oili ikiwa nyekundu ya giza bila harufu ya kuungua, mwaga na ujaze kiasi kile kile kilichotoka kwa aina iliyoandikwa kwenye hiyo dipstiki, kama hela imebaki. Usikubali kuisafisha kwa mashine ya presha. Ikiwa inateleza tayari, oili mpya haitaiponya, hilo ni jambo la kumwambia mnunuzi.

Rangi ya bampa acha. Bampa lililopigwa rangi mpya kwenye gari ya 2004 linamfanya mtu afikirie ajali. Hela iliyobaki ioshe gari vizuri ndani na nje, ing'arishe taa za mbele zilizofifia, safisha injini kwa kitambaa wala si kwa mashine ya presha maana maji yakiingia kwenye koili utarudi kule kule kwenye kumisi. AC ikiwa inapooza nzuri, isipopooza na kinachotakiwa ni kompresa, acha, punguza bei.

Vipi kama kipimo kitaonyesha gasketi imeachia? Hapo una njia mbili tu za heshima. Ya kwanza ni kufungua hedi, kuipeleka kwa mchongaji aipime unyoofu na nyufa, kuweka gasketi mpya na kurudisha kwa kufuata mkazo wa bolti unaotakiwa. Kazi hii pamoja na thamostati na feni inaweza kumeza laki nane yote, kwa hiyo pata makadirio ya maandishi kwanza na uwe na kikomo: hedi ikikutwa imepasuka, simama. Njia ya pili ni kuiuza ilivyo, ukisema wazi kwamba gasketi imeachia, kwa bei ya chini. Mafundi na watu wa spea wananunua gari za hivyo kila siku kwa sababu bodi na gia boksi vina thamani kwao. Ningekuwa mimi na muda wa miezi miwili, na hedi ni nzima, ningetengeneza. Muda ukiwa mdogo au makadirio yakipita hela yako, ningeuza ilivyo, kukopa ili kutengeneza gari ya kuuza sikushauri kabisa.

Chagua fundi aliye tayari kukuonyesha kipimo na kukurudishia spea ya zamani mkononi. Hizo spea za zamani weka kwenye boksi pamoja na risiti na zile picha za kodi. Baada ya matengenezo iendeshe wiki mbili hivi kwenye safari zako za kawaida, ukague maji kila asubuhi ikiwa baridi, usiongeze kimya kimya, yakipungua rudi gereji. Taa ikikaa bila kurudi muda huo wote na mafuta yakapungua ulaji, mpigie dalali umwambie gari iko tayari na umpe bei wewe, asikupe yeye.

Siku mteja akija, iwashe mbele yake ikiwa baridi, usiipashe moto kabla. Mwambie ilikuwa inachemsha, ilitolewa thamostati, imerudishwa, risiti hizi hapa, akae nayo iungurume na AC mpaka feni iwake na kuzima. Kabla ya hapo angalia kama gari haina deni la faini za barabarani wala la maegesho, maana hayo hujitokeza dakika ya mwisho na kuharibu bei. Mkikubaliana andikeni mkataba wenye matatizo yanayojulikana yakiwa yameorodheshwa, na msiachane mpaka umiliki umehamishwa TRA, la sivyo atakachokifanya barabarani kitaendelea kusoma jina lako. Ukishatoa plagi zile nne asubuhi, zipige picha unitumie kabla hujalipa kitu.